Dawa ya moyo ni jani bichi hadi ipite kwenye ini

Chai ya Kericho na Bomet hufika Mombasa ikiwa kwenye mifuko, tayari kwa mnada. Sisi wa Pwani twaijua hivyo, nyeusi na kavu. Mchumaji kule juu huijua kwa sura nyingine: majani mawili na chipukizi, mabichi. Ukilitia jani hilo kwenye birika hupati chai. Sharti lipite kiwandani, linyaushwe, likatwekatwe, liachwe libadilike rangi, kisha likaushwe.

Iko dawa ya moyo yenye tabia hiyo hiyo. Inaitwa klopidogreli, na wengi waliijua kwanza kwa jina la biashara la Plavix. Aliyepata mshtuko wa moyo, awe ametibiwa Mombasa au Bomet, mara nyingi huruhusiwa kurudi nyumbani na tembe hizi pamoja na aspirini. Jambo ambalo haelezwi sana ni kwamba tembe anayomeza bado haina nguvu yoyote. Kiwanda chake ni ini.

Mshtuko wa moyo kwa kawaida huanza pale mafuta yaliyoganda ndani ya mshipa unaolisha moyo yanapopasuka. Chembe sahani, ambazo kazi yake ni kuziba majeraha, hukimbilia hapo kana kwamba mtu amekatwa kisu. Hushikana, zikaunda donge, na damu ikakwama. Aspirini huzuia njia moja ya kushikana huko, nayo haingoji ini. Klopidogreli huzuia njia nyingine: hufunga mlango ulio juu ya chembe sahani uitwao P2Y12.

Lakini kabla ya kufika mlangoni, ina safari. Ikishafyonzwa tumboni hupelekwa kwenye ini, na huko takriban asilimia 85 yake huvunjwa na kuwa kitu kisicho na kazi. Ni asilimia 15 tu inayobaki kutengenezwa, kwa hatua mbili, na vimeng'enya vya ini. Fundi mkuu ni kimeng'enya kinachoitwa CYP2C19. Ndiyo sababu daktari wa dharura humpa mgonjwa miligramu 300 au hata 600 kwa mara moja, ilhali dozi ya kila siku ni 75: anataka kiwanda kitoe mzigo wa kutosha ndani ya saa chache.

Kwa wakazi wa mashamba ya chai hili ni jambo zito. Bomet ina Hospitali ya Tenwek, inayojulikana kwa upasuaji wa moyo, lakini hospitali zenye mitambo ya kuzibua mshipa kwa mrija bado ni chache nchini Kenya. Kwa wagonjwa wengi, tembe ndiyo ngao ya kwanza.

Sasa tazama kinachoweza kukwamisha kiwanda. Omeprazoli, dawa ya asidi na vidonda vya tumbo, hununuliwa kirahisi katika maduka ya dawa. Nayo humshughulisha fundi yule yule, CYP2C19, na klopidogreli inayotengenezwa hupungua. Mwaka 2009 mamlaka ya dawa ya Marekani ilionya watu wasizitumie pamoja. Wataalamu wamebishana kuhusu ukubwa wa madhara yake kwa wagonjwa, lakini ushauri wa kuepuka umebaki. Hii haina maana kwamba tumbo liachwe bila kinga, maana aspirini na klopidogreli pamoja zaweza kulitoa damu. Daktari anaweza kuchagua pantoprazoli, ambayo haimsumbui sana fundi huyo.

Ritonaviri, iliyomo katika baadhi ya dawa za kupunguza makali ya virusi vya ukimwi, nayo hupunguza nguvu ya klopidogreli. Rifampisini ya kifua kikuu hufanya kinyume: huharakisha kiwanda, na hatari ya kutokwa na damu ikapanda.

Kuna pia waliozaliwa na fundi dhaifu. Mwaka 2010 mamlaka hiyo ya Marekani iliamuru onyo kali kuhusu watu hao liwekwe kwenye maelezo ya dawa. Barani Afrika ni wachache katika kila mia. Asia ya Mashariki ni wengi zaidi. Kwao ipo tikagrelori, isiyohitaji kutengenezwa na ini, ingawa mara nyingi bei yake iko juu.

Klopidogreli ikishafunga mlango, haufunguki tena. Chembe sahani huishi siku 7 hadi 10, na mwili hungoja chembe mpya. Ndiyo maana madaktari wa upasuaji huweza kutaka isimamishwe siku 5 kabla, na ndiyo maana anayeng'olewa jino aseme mapema kwamba anaitumia. Kusimamisha ni uamuzi wa daktari wa moyo. Aliyewekewa kijibomba ndani ya mshipa akiacha tembe kwa sababu anajisikia vizuri, mshipa waweza kuziba upya.

Kwa hiyo msomaji, ikiwa mzee wako nyumbani anatumia dawa hii, kusanya tembe zake zote kwenye mfuko mmoja, pamoja na zile alizojinunulia na za mitishamba, umpelekee daktari azione. Muulize swali moja: kati ya hizi, ipo inayozuia nyingine?