Mwezi Ukiandama Nyumbani kwa Mtoto Mwenye Usonji

Jioni ya tarehe 29 Shaabani, nyumba nyingi za Unguja, Tanga na Mombasa husubiri tangazo. Mwezi ukionekana, kesho ni saumu. Usipoonekana, ni keshokutwa. Kwa mtoto mwenye usonji, usiku huo mmoja huvuruga kila kitu. Asubuhi mama hanywi naye chai, saa za chuoni, yaani madrasa, zimesogezwa, jamaa wanakuja kufuturu, na usiku wa manane wapiga daku wanapita na ngoma zao chini ya dirisha.

Akipiga kelele au akijiuma mkono, jirani husema amedekezwa. Si kweli, na kauli hiyo inawaumiza wazazi ambao hata usingizi hawaupati. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, alipoandika habari za watoto 11 aliowachunguza, alieleza jinsi walivyotaka sana mambo yabaki vilevile. Hadi leo wataalamu huiangalia sifa hiyo wanapopima usonji.

Wengi wetu tukikuta mlango wa duka umefungwa, tunakisia sababu na kuendelea na safari. Mtoto huyu kukisia kunamwia vigumu, na mara nyingi sauti, mwanga na harufu humwelemea kuliko sisi. Ratiba ndiyo inayompa uhakika. Kwa hiyo mabadiliko yenyewe humsumbua, lakini kinachomtesa zaidi ni kutojua: nini kinakuja, na kitaisha lini. Ndiyo maana kumficha habari ili asihangaike humzidishia hofu.

Wengi wa watoto hawa hushika wanachokiona kuliko wanachoambiwa. Ratiba za picha zilienezwa sana na mpango wa TEACCH wa North Carolina, alioasisi Eric Schopler, lakini hazihitaji fedha nyingi. Wiki mbili kabla ya Ramadhani, piga picha kwa simu: kikombe chake, mlango wa chuo, sufuria ya uji, mkeka wa futari. Zichapishe, uzibandike ukutani safu mbili, juu siku za kawaida na chini siku za Ramadhani. Tarehe 29 weka mchoro wa mwezi katikati, umwambie: “Leo usiku tutajua. Mwezi ukionekana, tunafuata safu ya chini. Usipoonekana, ya juu.” Tangazo likitoka, yeye mwenyewe ausogeze mchoro huo kwenye safu itakayofuatwa. Likichelewa naye amelala, ausogeze alfajiri kabla hajafika jikoni. Usimwahidi “kesho tunaanza” kabla hujajua. Ukikosea, huenda asiziamini tena hata picha.

Yasiyolazimika kubadilika yaacheni. Asiyebaleghe hajawajibika kufunga, basi chai yake ije saa ileile, kwa kikombe kilekile. Tafuteni mapema rekodi ya ngoma za daku, azisikilize mchana kwa sauti ya chini, na sauti ipandishwe kadiri anavyostahimili. Zikiendelea kumtisha, alale chumba cha ndani. Akishazidiwa, huo si wakati wa kumfundisha wala kumkaripia. Punguzeni watu, taa na maneno, mazungumzo yasubiri atulie.

Tena zoezi la kupokea mabadiliko lisingoje Ramadhani. Siku za kawaida, wekeni kadi moja yenye alama ya mabadiliko, na mwanzoni iwe na jambo analolipenda, kama juisi badala ya maji. Taratibu atazoea kwamba hata mabadiliko yana mahali pake kwenye ratiba.

Mwishoni kuna mtihani wa pili, kwani mwezi wa Ramadhani huwa na siku 29 au 30. Safu mbili zile hutumika tena, safari hii na picha za Idi. Nguo mpya ifuliwe na ivaliwe nyumbani kidogo kidogo kabla ya sikukuu, isije ikamwasha siku yenyewe. Nyumba za kutembelea ziwe mbili, zote ukutani kwa picha. Na shangazi aombwe mapema asimkumbatie mtoto kwa nguvu. Mkono wa Idi, yaani zawadi ya sikukuu, auweke mezani, mwenyewe atauchukua.