MEMKWA: UTARATIBU WA KUWARUDISHA SHULENI WATOTO WA MPAKANI TUNDUMA

Watumishi wa Serikali na wananchi wenye jamaa katika Mkoa wa Songwe wanafahamishwa kuwa dhana ya kwamba mtoto akishapita umri wa kuandikishwa hana tena nafasi ya shule, si sahihi. Nafasi hiyo ipo kupitia Mpango wa Elimu ya Msingi kwa Walioikosa, ujulikanao kwa kifupi MEMKWA.

Mji wa Tunduma unatazamana na Nakonde ya Zambia. Barabara kuu itokayo Dar es Salaam hupita hapo, na Reli ya TAZARA kadhalika. Kituo cha Huduma za Pamoja Mpakani kilizinduliwa Oktoba 2019, lakini foleni za malori hazijawa historia, na penye foleni pana biashara. Mtoto wa miaka 12 auzaye maji na karanga hurejea jioni na fedha mkononi; mzazi mwenye dhiki huona taabu kumrudisha darasani, ambako hakuna alipwacho. Huko Mbozi nako, kahawa ikiiva katikati ya mwaka, mikono midogo huhitajika shambani. Wakaazi wa Pemba waujuao msimu wa karafuu, na wavuvi waendao dago na watoto wao, hawatalistaajabia jambo hili.

MEMKWA ilianza kwa majaribio mwaka 1999 katika wilaya tano: Kisarawe, Masasi, Musoma Vijijini, Ngara na Songea Vijijini, kwa msaada wa UNICEF. Ada ya shule za msingi ilipofutwa mwaka 2001, na Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi kuanza mwaka uliofuata, MEMKWA ilienezwa nchi nzima. Tunduma wakati huo ilikuwa ndani ya Wilaya ya Mbozi, Mkoa wa Mbeya. Mkoa wa Songwe, wenye makao makuu Vwawa, uliundwa mwaka 2016.

Wanafunzi hugawanywa kwa rika. Wenye umri wa hadi miaka 13 hufundishwa kwa muhtasari uliofupishwa, hufanya mtihani wa Darasa la Nne, na wafaulupo huingia Darasa la Tano pamoja na wenzao. Wa miaka 14 hadi 18 hutayarishwa kwa mtihani wa kumaliza elimu ya msingi. Masomo huchukua saa chache kwa siku, na kwa kawaida hufanyika katika majengo ya shule iliyo karibu; kwa hiyo mtoto mwenye kazi za nyumbani huweza kuhudhuria.

Kasoro haifai kufichwa. Misaada ilipopungua, posho za wawezeshaji zilisuasua katika halmashauri nyingi, na baadhi ya madarasa yakafa kimya kimya. Mzazi asiridhike na kuambiwa tu kuwa darasa lipo. Aulize linafundishwa siku zipi na nani.

Waliokatiza masomo ya sekondari, wakiwemo wasichana waliopata ujauzito, waliruhusiwa kurejea katika mfumo rasmi kwa tamko la Serikali la Novemba 2021. Asiyetaka kurudi shule ya kawaida anaweza kusoma kupitia Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima.

Mzazi au mlezi wa Tunduma amwone Mwalimu Mkuu wa shule ya msingi iliyo karibu, au Afisa Elimu wa Kata. Asiyekuwa na cheti cha kuzaliwa cha mtoto aanzie kwa Mtendaji wa Mtaa.