Kichujio Kinachojiendesha Chenyewe kwa Tangi Kubwa la Samaki

Katika shule nyingi zenye maabara ya biolojia hutokea jambo hili. Wanafunzi huleta samaki wazima kutoka ziwani au mtoni, huwatia katika tangi la kioo lenye maji maangavu, na huwalisha kwa bidii. Siku za mwanzo samaki huogelea kwa furaha. Baada ya wiki moja au mbili huanza kupanda juu na kutweta, na asubuhi moja hukutwa wanaelea. Maji yangali maangavu, na chakula hakikupungua. Kwa hiyo husemwa kwamba samaki waliugua, au kwamba hawakuzoea mahali pageni. Mara nyingi ukweli ni mwingine: samaki hao wameuawa na sumu waliyoitoa miilini mwao wenyewe.

Makala haya yanaeleza sumu hiyo ni nini, viumbe gani huiondoa, na jinsi mwalimu na wanafunzi wake wanavyoweza kuunda kichujio cha kuwasaidia viumbe hao. Kichujio chenyewe hujaa na kujimwaga mchana na usiku bila ya mtu kukigusa.

Sumu isiyoonekana

Chakula cha samaki kina protini, na protini ina naitrojeni. Mwili wa samaki ukiisha kuitumia protini, naitrojeni iliyobaki hutolewa nje, sehemu kubwa kwa njia ya matamvua, ikiwa amonia. Mabaki ya chakula na kinyesi yanapooza hutoa amonia pia. Ziwani amonia hii huenea katika maji mengi mno, nayo haidhuru. Katika tangi haina pa kwenda.

Amonia iliyomo majini huwa katika hali mbili: ioni ya amoniamu, ambayo madhara yake ni madogo, na amonia halisi, ambayo hupenya matamvua na kuua. Uwiano wa hali hizi hutegemea joto na pH ya maji. Katika nyuzi 25 za Selsiasi, maji yenye pH 7 huwa na amonia halisi isiyofikia asilimia 1 ya jumla. Katika pH 8 hufikia kiasi cha asilimia 5, na katika pH 9 hupita asilimia 30. Hapa pana somo kubwa kwetu. Maji ya Ziwa Tanganyika yana pH inayokaribia 9. Basi mwanafunzi wa Kigoma anayefuga samaki wa ziwa lake katika maji ya ziwa hilo hana budi kuwa mwangalifu zaidi kuliko yule anayefuga samaki wa kijito chenye maji ya pH 7, ijapokuwa idadi ya samaki wao ni sawa.

Wafanyakazi wadogo

Mwaka 1890, mtaalamu Sergei Winogradsky, aliyekuwa akifanya kazi Zurich, alitangaza kwamba amefaulu kuwatenga bakteria wanaoishi kwa kuoksidisha amonia. Kazi hiyo hufanyika kwa hatua mbili:

2NH₄⁺ + 3O₂ → 2NO₂⁻ + 4H⁺ + 2H₂O

2NO₂⁻ + O₂ → 2NO₃⁻

Hatua ya kwanza hugeuza amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu kwa kuwa huizuia damu ya samaki kuchukua oksijeni. Hatua ya pili hugeuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki huvumilia kwa kiasi kikubwa zaidi. Kwa muda mrefu vitabu vya shule vilifundisha kwamba hatua ya pili ni kazi ya Nitrobacter. Siku hizi inajulikana kwamba katika matangi ya samaki kazi hiyo hufanywa hasa na jamii ya Nitrospira. Tena, mwaka 2015 watafiti walitangaza kwamba wamo Nitrospira wanaoweza kuzifanya hatua zote mbili peke yao. Kikundi kimoja kiliwapata katika kichujio cha mfumo wa kufugia samaki.

Milinganyo hii inatufunza mambo mawili. Kwanza, bakteria hawa wanahitaji oksijeni nyingi. Pili, kazi yao huzalisha asidi, hata pH ya maji ikashuka pole pole. Kadhalika ijulikane kwamba hawapendi kuelea majini, bali hujishikiza juu ya vitu vigumu. Kwa hiyo kichujio kizuri ni nyumba yao: kina uso mpana wa kushikia, na kina hewa tele.

Chombo kinachojimwaga

Njia rahisi ya kuwapa bakteria maji na hewa kwa zamu ni sifoni ya kengele. Kanuni yake ni ya kale. Ndiyo iliyomo katika kikombe kiitwacho cha Pythagoras, ambacho kikijazwa kupita kiasi hujimwaga chote. Hutumika pia katika matangi ya kusafishia vyoo yanayojimwaga yenyewe.

Bomba lililosimama wima hupita katika kitako cha beseni lenye kokoto. Juu ya bomba hilo hufunikwa bomba jingine pana, lililozibwa juu na lenye mapengo chini. Hili ndilo kengele. Pampu hupandisha maji ya tangi mpaka katika beseni, na maji hupanda kati ya kokoto, na ndani ya kengele pia. Yanapofika kwenye mdomo wa bomba la wima huanza kuanguka ndani yake, yakiburuta hewa iliyomo kengeleni. Kanieneo ya ndani hupungua, na kanieneo ya angahewa, inayogandamiza maji ya beseni, huyasukuma kwa nguvu kupitia bombani. Beseni hujimwaga upesi kurudi tangini. Maji yakishuka hadi kwenye mapengo, hewa huingia na mkondo hukatika. Kisha beseni huanza kujaa upya.

Kila maji yanaposhuka, hewa mpya huvutwa katikati ya kokoto. Ndiyo sababu tunasema kichujio hiki kinapumua.

Vifaa

Mfano wetu ni tangi lenye urefu wa sm 120, upana wa sm 60 na kimo cha sm 60. Maji yakiwa na kina cha sm 55, ujazo wake ni karibu lita 400. Vinahitajika:

1. Beseni imara la plastiki, sm 50 kwa sm 40, kimo sm 35.
2. Kokoto za mviringo zenye upana wa sm 1 hivi, lita 60. Palipo na mawe mepesi ya volkano yenye vitundu, kama Rungwe, hayo ni bora zaidi.
3. Bomba la plastiki la mm 20 la kusimama wima, pamoja na kiungo chake chenye mipira ya kuzuia uvujaji.
4. Bomba la mm 60 hivi, lililozibwa juu, la kufanyia kengele.
5. Bomba la mm 110 lililotobolewa matundu mengi, la kuzuia kokoto zisiifikie kengele.
6. Pampu ndogo ya umeme ya kuzamishwa majini, na mpira wake.
7. Kipande cha wavu mzito wa nailoni, cha kukamata taka. Dodoki lisitumiwe, kwani huoza na kuongeza amonia ileile tunayoipiga vita.

Kuunda

Toboa kitako cha beseni na ukaze kiungo. Simamisha bomba la mm 20 ili mdomo wake uwe sm 25 juu ya kitako. Karibu na shina lake, sm 1 kutoka chini, toboa tundu la mm 3. Faida yake itaelezwa baadaye. Kata mapengo yenye kimo cha sm 2 kwenye mguu wa kengele, kisha ifunike juu ya bomba la wima, ukiacha nafasi ya sm 2 au 3 kati ya mdomo wa bomba na kifuniko cha kengele. Zungushia bomba la kinga.

Osha kokoto mpaka maji yatoke maangavu. Jaribu chache kwa siki: zikitoa povu zina chokaa, nazo zitapandisha pH. Hilo linafaa kwa samaki wa Tanganyika, lakini haliwafai samaki wa maji yenye asidi. Jaza kokoto hadi kimo cha sm 30, ili zile za juu zibaki kavu na kuwazuia mwani wasiote.

Kokoto hizo pamoja na maji zitapita kilo 110. Kamwe beseni lisiwekwe juu ya kioo cha tangi. Lijengewe nguzo za matofali au meza yake madhubuti nyuma ya tangi, na bomba la kutokea lielekezwe tangini, likiwa na kiwiko mwishoni ili lijae maji upesi. Juu kidogo ya kiwango cha mdomo wa bomba la wima, toboa ubavu wa beseni na utie bomba la dharura la kurudisha maji tangini, iwapo sifoni itaziba.

Pampu itundikwe sm 15 tu chini ya uso wa maji. Mpira ukichomoka usiku, pampu haitaweza kulikausha tangi lote.

Hesabu za kichujio

Chini ya mdomo wa bomba kuna lita 50 za kokoto, na nafasi kati yao ni karibu asilimia 40, yaani lita 20 za maji. Pampu ikipandisha lita 400 kwa saa, beseni hujaa kwa dakika 3. Ili kupima pampu, shika saa na ndoo ya lita 10: inapaswa kujaa kwa sekunde 90, mpira ukiwa katika kimo kile kile utakachotumika. Tuseme sifoni inatoa lita 20 kwa dakika. Kwa kuwa pampu haisimami, beseni hupungua lita 13.3 kwa dakika na kwisha kwa dakika moja na nusu. Mzunguko mzima ni dakika 4 na nusu, au mara 13 hivi kwa saa. Maji ya tangi yatapanda na kushuka kwa sm 2.8.

Tuangalie uso wa kushikia. Mawe halisi ni lita 30. Tukiyachukua kuwa tufe za sm 1, uso wake ni sm 6 za mraba kwa kila sm 1 ya ujazo, nao jumla yake ni mita 18 za mraba. Kuta nne za tangi na sakafu yake hazifikii mita 3. Ndipo tuonapo kwamba ndani ya beseni dogo tumewajengea bakteria makao makubwa mara sita kuliko tangi zima.

Subira ya wiki sita

Kichujio kipya kina mawe tu, bakteria hawamo. Huchukua wiki nne hadi sita wao kuongezeka kwa kiasi cha kutosha. Amonia hupanda kwanza, kisha hushuka huku nitriti ikipanda, hatimaye nitriti nayo hushuka. Katika kipindi hiki tia samaki wawili au watatu tu, walishe kidogo, na pima maji kwa dawa za kupimia kwa rangi. Konzi chache za kokoto kutoka katika tangi la zamani lenye samaki wenye afya hufupisha muda huo.

Maji ya bomba yaachwe wazi siku nzima kabla ya kutumiwa, ili klorini itoke. Klorini huua bakteria kama inavyoua vijidudu vya maradhi. Kwa hiyo wavu wa nailoni ufuliwe kwa maji yaliyotolewa tangini. Kila wiki badilisha robo ya maji, kwani nitrati hubaki na kuzidi.

Umeme

Umeme na maji ni maadui. Waya wa pampu uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, ili matone yaangukie sakafuni. Chomoa plagi kabla ya kutia mkono majini, na mwalimu awepo.

Umeme ukikatika, lile tundu la mm 3 hulimwaga beseni pole pole, kwa saa moja hadi mbili. Kokoto hubaki zenye unyevu na zenye hewa, na bakteria huendelea kuishi. Katika kichujio kilichofungwa, oksijeni huisha baada ya saa chache, na umeme ukirudi uozo husukumwa kwa samaki.

Hitilafu mbili ni za kawaida. Maji yakichuruzika bila ya sifoni kushika, pampu ni dhaifu au kengele inavuja hewa. Sifoni isipokatika, pampu ina nguvu mno, au mapengo yameziba.

Tangi na ziwa

Samaki aina ya sangara alipandikizwa katika Ziwa Victoria katika miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960. Katika miaka ya 1980 furu, waliokuwa wa aina mamia, walipungua ghafula na aina nyingi zikatoweka. Uchafuzi wa maji ulichangia pia. Baadhi ya furu hao wameendelea kuishi katika matangi tu, Ulaya na Marekani, wakitegemea kokoto, pampu na bakteria kama hawa tuliowaeleza. Kwa hiyo ustadi wa kutunza tangi si mchezo wa watoto. Na wajibu wake ni mmoja: samaki wa tangi asiachiwe kamwe katika mto au ziwa asilotoka.

Maswali ya kujadili

1. Kwa nini samaki kumi wakitiwa siku moja hufa, na hao hao wakitiwa mmoja mmoja kwa wiki kumi huishi?
2. Pampu ikitoa lita 600 kwa saa, mzunguko wa kichujio chetu utachukua dakika ngapi?
3. Kokoto zikiwa na upana wa nusu sentimeta, uso wake utakuwa mita ngapi za mraba? Ni tatizo gani litakalozuka?