Waini Inatoka Naivasha, Si Majuu Pekee: Rada Yote kwa Msee wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Ukitaja waini pale Kisauni, wasee wengi wanafikiria Ufaransa ama zile chupa za Afrika Kusini zimepangwa supamaketi. Wachache wana rada kwamba kuna zabibu za waini zinakuzwa hapa hapa Kenya, shamba la Morendat, Naivasha. Huko ndiko Rift Valley Winery wanatengeneza Leleshwa. Jina limetoka kwa kichaka chenye majani ya kijivu kinachoota sana Bonde la Ufa.

Sasa kwa nini Naivasha na si Likoni? Ni mwinuko, buda. Sisi tuko usawa wa bahari, Naivasha iko karibu mita 1,900 juu. Kila ukipanda mita 1,000, joto linashuka kama digrii 6. Piga hesabu: Mombasa ikiwa 28, kule ni kama 17. Mchana jua linatia zabibu sukari, usiku baridi inalinda ule uchachu. Zabibu ikipata joto tupu inakuwa tamu lakini imepoa, kama soda iliyoisha gesi.

Halafu kuna hii: Ulaya mzabibu hulala msimu wa baridi kali. Karibu na ikweta hakuna kulala, so mkulima anaupogoa ndio uanze upya. Akijipanga, anaweza kuvuna mara mbili kwa mwaka.

Kazi yenyewe si ngeni kwetu Pwani. Mnazi unachacha vipi? Hamira ya asili inakula sukari, inatoa pombe. Tofauti ni kwamba joto letu linaukimbiza: asubuhi mtamu, jioni mkali, ukikaa siku chache ni siki. Waini inachachishwa polepole kwa matangi yanayopozwa. Zabibu nyeusi zikichacha pamoja na maganda yake, unapata waini nyekundu kama Shiraz. Nyeupe, kama Sauvignon Blanc, ni maji ya zabibu bila maganda.

Kufika je? Madaraka Express inatoka Miritini, na tangu 2024 siti ya kawaida ni 1,500. Watu wa Changamwe mko mlangoni. Wa Likoni, amkeni mapema, feri haimwonei mtu huruma. Baada ya saa tano hadi sita uko Syokimau. Ingia tao, panda mathree ya Naivasha, kama kilomita 90. Ikipitia Mai Mahiu, chungulia kale kanisa kadogo kando ya barabara. Kalijengwa na wafungwa wa vita Waitaliano mwaka wa 1942.

Kabla hujatoka, shika haya:

Piga simu kwanza. Hili ni shamba la watu, si baa ya kuingia tu.

Beba sweta ya ukweli. Usiku Naivasha digrii zinaweza kushuka chini ya 10, na leso haitakusaidia.

Kuonja si kulewa. Angalia rangi, zungusha glasi, nusa, piga funda dogo, kisha tema kwa chombo utakachopewa. Kutema si ushamba, ndivyo wajuaji wanavyofanya.

Chini ya miaka 18, sheria hairuhusu. Na mwenye kushika usukani asiguse glasi.

Kama dini yako imekataza, trip haijaharibika. Ziwa lipo, viboko wapo, na Hell's Gate unazunguka na baiskeli kati ya pundamilia.

La mwisho ni doo. Treni peke yake kwenda na kurudi ni 3,000, kabla ya mathree, chakula na pa kulala. Kwa msee wa kibarua hizo ni siku kadhaa za jasho. So weka nauli ya kurudi kando kabla hujanunua chupa hata moja. Waini itakungoja, landlord hatakungoja.