Santuri ya Zambia iliyochapwa Nairobi

Mchuuzi wa Kashikishi, kando ya Ziwa Mweru wilayani Nchelenge, hahitaji kufundishwa maana ya kutoa mali mahali pamoja na kuimalizia safari mahali pengine. Chisense, wale dagaa wadogo, huanikwa hapa mchangani na kuliwa Kitwe au Lubumbashi. Maboti yanatoka Kilwa na Pweto, ng'ambo ya Kongo, na penye mzani Kibemba na Kiswahili vinaelewana bila mkalimani.

Ndiyo maana kisa cha santuri ya kwanza ya bendi ya WITCH kinawahusu watu wa mwambao huu, ingawa haikupigwa hapa. Bendi hiyo ilianzia Kitwe, kwenye miji ya migodi ya shaba ambako samaki wa Mweru na vijana wa Luapula waliotafuta ajira walifika kwa njia moja: kuvuka Mto Luapula kwa pantoni pale Chembe, kukata kipande cha ardhi ya Kongo, kisha kuingia tena Zambia upande wa Mufulira. Daraja la Chembe lilikuja 2008 tu.

WITCH ni herufi za maneno ya Kiingereza yenye maana ya "tunakusudia kuleta vurugu". Mwimbaji wao, Emmanuel Chanda, aliitwa Jagari, jina la Mick Jagger wa Rolling Stones likitamkwa kwa ulimi wa Zambia. Walipiga roki ya magitaa yenye kukoroma, na mashabiki walijaa. Walichokosa ni kampuni ya kuwatolea santuri.

Basi wakaitoa wenyewe. Introduction, yaani Utangulizi, ilirekodiwa nyumbani mwanzoni mwa miaka ya 1970, na huhesabiwa kuwa albamu ya kwanza ya bendi ya Zambia kuingia sokoni. Mashine ya kuchapa santuri hawakuwa nayo, kwa hiyo kanda ikapelekwa Nairobi, ambako viwanda vya santuri vilikuwapo. Nakala chache zikarudi, na bendi ikaziuza kwa mkono kwenye maonyesho yake.

Tazama hesabu hiyo kwa jicho la mchuuzi. Mali ghafi ya Zambia, kiwanda cha Kenya, mteja wa Zambia, na mtaji wote mfukoni mwa vijana. Zambia haikuwa ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya wakati ule, na COMESA ilizaliwa 1994. Mpaka wa kusini na Rhodesia nao ulifungwa Januari 1973, ukawa umefungwa kwa miaka. Nchi nzima ikageuza uso kaskazini, ambako reli ya TAZARA ilikuwa bado inajengwa.

Hata hivyo walirudia. Albamu ya pili, In the Past, waliitoa wenyewe mwaka 1974. Ya tatu, Lazy Bones!!, ilitoka 1975 kupitia kampuni ya nyumbani, Zambia Music Parlour. Rais Kaunda naye aliagiza redio ipige asilimia 95 muziki wa Kizambia. Kwa mwenye bidhaa, agizo la namna hiyo lina nguvu kuliko tangazo lolote.

Lakini bei ya shaba ilianguka katikati ya miaka hiyo, na mshahara wa mgodini ndio uliokuwa unanunua tiketi. Vita vya ukombozi vya jirani vikaleta mashambulizi na amri za kutotembea usiku, dansi zikahamia mchana. Kisha kaseti za kunakili zikamaliza kilichobaki: mtu ananunua moja, anauza hamsini, na mwenye wimbo haoni hata ngwee. Wachuuzi wa kanda hawakuwa watu wabaya. Walifanya biashara iliyokuwapo, ila mwenye mali hakuwamo katika hesabu yao. Na jukwaa likachukuliwa na kalindula, muziki ambao watu wa Luapula hawachoki kukumbusha kwamba asili yake ni kwao.

Jagari aliacha bendi, akasomea ualimu wa muziki, na baadaye akashika sururu kuchimba vito. Wenzake wote wa kikosi cha mwanzo wamefariki. Wakati yeye akiwa shimoni, wakusanyaji wa Ulaya na Marekani walikuwa wakizitafuta zile nakala za kwanza kwa bei ambayo mwenye kuzitengeneza asingeiota. Karibu mwaka 2012 kampuni ya Now-Again ya Marekani ilizitoa upya albamu za WITCH. Mwaka 2019 ikatoka filamu kuhusu kundi hilo, na Jagari akarudi jukwaani akiwa mzee, akazunguka Ulaya na Marekani na wanamuziki wapya. Mwaka 2023 wakatoa Zango, iliyorekodiwa Lusaka.

Maboti yaendayo Kilwa leo hubeba nyimbo ndani ya simu, hazina uzito wala ushuru. Zile za Nairobi zilikuwa za plastiki nyeusi, na nyingine huenda bado zimelala ndani ya nyumba za watu. Mwenye mjomba aliyefanya kazi migodini Kitwe au Mufulira miaka ile, amwombe afungue sanduku lake la bati, na asikubali bei ya kwanza atakayotajiwa.