Milisekunde 40 Zisizokuwepo

Umeketi kwenye chumba cha giza, kidevu umekipachika kwenye kibao chake, macho yako kwenye msalaba mdogo katikati ya skrini. Mlio wa kwanza unalia, kijivu kinamweka. Wa pili unalia, kijivu tena. Katika mojawapo ya mara hizo mbili palikuwa na milia, hafifu mno hata wewe mwenyewe huna hakika. Hakuna anayekuuliza kama umeiona. Unaulizwa: ilikuwa mara ya kwanza au ya pili? Na "sijui" si jibu.

Ukimuuliza mtu "umeona?", mwenye haya atakana hata alipoona, na mpenda sifa ataitikia hata palipokuwa patupu. Hapo umepima tabia, jicho hukuligusa. Akilazimika kuchagua, asiyeona kitu atapatia nusu ya mara kwa kubahatisha tu. Anayeipita nusu hiyo siku nzima ameona, hata akiapa kwamba alikuwa anakisia.

Hii ni saikofizikia, elimu ya kupima kitu kilichopo kinavyohisiwa na binadamu. Gustav Fechner aliiandikia kitabu mwaka 1860 akiwa Leipzig, Ujerumani, akijenga juu ya kazi ya Ernst Weber, aliyeonyesha kwamba tofauti huhisiwa kwa uwiano. Mwongezee nusu kikombe cha maji aliyeshika kopo, atajua papo hapo. Mwongezee aliyejitwika ndoo ya lita 20, wala hatageuka.

Leo jaribio kama lile la milia huendeshwa na programu. Mbili zinazotajwa sana ni Psychtoolbox, iliyotambulishwa na David Brainard na Denis Pelli mwaka 1997, na PsychoPy, iliyoanzishwa na Jonathan Peirce wa Chuo Kikuu cha Nottingham, Uingereza, kwa lugha ya Python. PsychoPy hupatikana bure. Ukipatia mara tatu mfululizo, programu inafifisha milia. Ukikosea mara moja, inaikoleza. Panda shuka hiyo, inayoitwa ngazi, hutulia pale unapopatia takribani asilimia 79, na kiwango hicho huandikwa kuwa kizingiti chako.

Asiyezizoea atasema ni kazi ya kitoto: onyesha picha, ngoja kitufe kibonyezwe, andika jibu. Balaa limo kwenye neno "onyesha".

Nilipokuwa mchanga katika kazi hii niliandika jaribio la picha kukaa milisekunde 40, na nikajivunia jedwali langu lililojaa 40. Siku moja mwenzangu akabandika kitambuzi cha mwanga kwenye kona ya skrini. Picha ilikuwa inakaa 50, na kila kompyuta ilipokumbuka kutafuta masasisho yake, 67. Skrini ile ilijichora upya mara 60 kwa sekunde, yaani fremu moja kila milisekunde 16.7. Fremu mbili ni 33, tatu ni 50. Arobaini haipo, na hakuna amri ya kuiumba. Ndiyo maana mwenye uzoefu huiambia programu idadi ya fremu, akaacha kuhesabu milisekunde. Nayo programu husubiri skrini ianze kujichora, huandika saa, na fremu ikipotea huripoti.

Mwangaza nao una hila zake. Kadi ya kawaida ya michoro ina ngazi 256 za kijivu, kuanzia 0 hadi 255. Ukiiambia 128 utadhani umepata nusu ya mwanga, kumbe skrini nyingi zitakupa kama asilimia 22 tu, kwa kuwa mwanga wake haupandi kwa mstari ulionyooka. Basi mtafiti hupima skrini yake hatua kwa hatua, kisha programu huipindua hesabu hiyo kila inapochora. Hata baada ya hapo jicho zima linaweza kutambua tofauti ndogo kuliko hatua moja ya kadi, ikabidi programu ichanganye vitone vya ngazi mbili jirani ili kupata kijivu cha katikati.

Maabarani yote haya yanadhibitika. Mshiriki anapofanya jaribio nyumbani kwake kupitia intaneti, hujui hata ameketi umbali gani, na bila umbali huwezi kujua picha ina ukubwa gani machoni pake. Kwa hilo kuna mbinu ninayoipenda kuliko zote. Mshiriki huweka kadi ya benki juu ya skrini na kuvuta mstatili mpaka ulingane nayo. Kwa kuwa kadi hizo zina upana mmoja, milimita 85.6, programu inapata ukubwa wa skrini. Kisha mshiriki hufumba jicho la kulia, hukazia la kushoto kwenye alama iliyotulia, na nukta huanza kusogea upande wa kushoto. Ikimpotea, anabonyeza kitufe. Imeingia kwenye doa pofu, pale neva ya jicho inapotokea, pembe ya nyuzi kama 14 kutoka katikati ya uoni. Kutokana na pembe hiyo na sentimita ambazo nukta imesafiri, programu inakokotoa jicho liko mbali kiasi gani, kwa kutumia mahali pekee ambapo jicho hilo halioni kabisa.