Tumbo Lililotangulia Wiki Zake

Katika zahanati za Usambara kuna kipimo kisichotaka umeme: utepe wa sentimita, kama ule wa fundi cherehani. Mkunga huuweka juu ya mfupa wa kinena, akauvuta hadi kileleni mwa mfuko wa uzazi. Mimba ikishavuka wiki 20, sentimita hukaribiana na wiki. Mama wa wiki 30 akitoa sentimita 36, kuna jambo. Mkunga humwomba mwenzake aegemeze ubavu wa kiganja katikati ya tumbo, kisha hugonga upande mmoja kwa kidole huku mkono wake wa pili ukisubiri upande wa pili. Wimbi likivuka hadi kwenye mkono ule, huenda maji ya uzazi yamezidi.

Nyumbani tumbo kama hilo hushangiliwa: mapacha hao! Huenda ikawa kweli. Lakini kuna mengine pia. Maji ya uzazi huzunguka: mtoto huyameza, huyakojoa, huyameza tena, na kufikia wiki ya 34 huwa kama mililita 800. Sukari ya mama ikipanda, hupita kwenye kondo na mtoto naye hukojoa kupita kiasi. Mtoto ambaye umio wake umeziba hawezi kumeza, basi maji hujaa. Kaswende nayo imo, na damu ya mama isiyopatana na ya mtoto. Mara nyingi sababu haionekani kabisa, na mama huyo asilaumiwe. Apimwe sukari, apimwe damu, apelekwe kwenye ultrasaundi. Hapo dimbwi la maji ya uzazi lenye kina cha sentimita 8 au zaidi ndilo tunaloliita maji mengi.

Baada ya utepe linafuata swali ambalo wengi wetu tunaliuliza vibaya: mama anameza nini?

Lithiamu, dawa ya ugonjwa wa akili, inaweza kuongeza maji, ila isikatishwe bila daktari. Diklofenaki na ibuprofeni hufanya kinyume. Mwanamke aliyepanda kutoka shambani na tenga la karoti kichwani hununua vidonge vya mgongo dukani bila kuulizwa ana mimba ya wiki ngapi. Baada ya wiki 20 vidonge hivyo vinaweza kudhoofisha figo za mtoto, na karibu na kujifungua huweza kubana mshipa wa damu ulio jirani na moyo wake. Asije mtu akavitumia kama tiba ya kupunguza maji. Kwa maumivu, mjamzito aulize kwanza. Kwa kawaida atapewa parasetamoli.

Mirungi humea katika milima hii hii. Kemikali yake hubana mishipa ya damu na kukata hamu ya kula. Yemen na Ethiopia, ambako hutafunwa sana, imehusishwa na watoto wanaozaliwa na uzito mdogo. Kwa kuwa sheria ya dawa za kulevya ya mwaka 2015 inaikataza, mama anayeitafuna hatasema kirahisi. Pombe vivyo hivyo, hata ile ya miwa inayonywewa kwenye shughuli za kifamilia.

Ninachokiogopa zaidi ni dawa za mitishamba za kuharakisha uchungu. Mfuko uliovutwa na maji mengi uko tayari kupasua chupa ya uzazi kabla ya wakati. Ukisukumwa kwa nguvu, chupa hupasuka ghafla, maji hutoka kwa kishindo, na kamba ya kitovu inaweza kutangulia kichwa. Hapo mtoto ana dakika chache tu. Kondo nalo linaweza kubanduka. Mtoto akishatoka, mfuko uliochoka hushindwa kujikaza, damu ikamwagika. Kutoka Mtae, ukingoni kabisa mwa mlima, hadi hospitali mjini Lushoto ni mwendo mrefu wa kona na makorongo, tena mvua za masika zikinyesha. Mama mwenye maji mengi asingoje uchungu huko juu. Ateremke mapema, akae kwa ndugu karibu na hospitali.

Anayemchemshia mjamzito dawa hizo za mitishamba mara nyingi ni mama mkwe, kwa mapenzi mema kabisa, naye ndiye anayemsindikiza kliniki. Kwa hiyo mkunga afunge mlango kwanza, mkwe abaki kwenye benchi nje. Kisha asiulize, "Umekunywa dawa za kienyeji?" Aulize taratibu, "Mama, nyumbani wamekupa nini cha kukusaidia?"